Mshale Uliokuwa Unanisema

Enesia mama,

Kamwene. Usiitikie, najua haupo. Saa hizi uko Makambako kwa shangazi yako unanyolewa nywele, maana hao wa chuo wamesema wanaokuja kujifunza uaskari wa wanyamapori waje na vichwa vitupu. Utarudi jioni unafanana na mimi. Pole sana. Mimi mwenyewe nimebeba sura hii maisha yangu yote na bado sijaizoea.

Nimekaa mlangoni penye mwanga. Nimechukua daftari lako moja na ile kalamu nene ya kuandikia magunia ya viazi, ndo maana herufi ni kubwa hivi na kila ukurasa unaingia maneno machache. Ukiona daftari limejaa usidhani baba yako amekuwa mwalimu. Na mwandiko usinicheke. Mimi nimesoma kisomo cha watu wazima kwenye banda la pareto, na mwalimu wetu alikuwa na usingizi kuliko sisi wanafunzi.

Sasa sikiliza. Jana nimesikia zipu ya begi lako. Begi linalofungwa zipu yake inalia mara moja ndefu. Yako ililia, ikanyamaza, ikalia tena, halafu nikasikia mlango wa kabati. Umeanza kutoa nguo. Hukuniambia, na mimi sikukuuliza, tukala ugali kama watu wawili waliokutana stendi. Ndo maana naandika. Uso kwa uso utanikatiza, utasema "baba acha hadithi," na mimi nitaongeza hadithi nyingine, na basi la asubuhi litapita hapo barabarani likitokea Njombe bila wewe.

Mambo ya sweta na sabuni na usile vya njiani shangazi atakuwa ameshakwambia mpaka masikio yameuma. Mimi nitakwambia habari ya bunduki. Najua unasema ee Mungu, ile ya mbeta tena. Ndiyo, ile ya mbeta tena. Safari hii nitaipitisha njia nyingine, we vumilia.

Unajua nilipokuwa kijana nililinda shamba la miwati la mzungu mmoja, na nguruwe pori wa eneo lile lote walikuwa wananifahamu kwa jina. Walikuwa wakinisikia nakohoa wanahamia Iwawa kwenye baridi kali, bora baridi kuliko mimi. Bunduki ya pale ilikuwa ya kitundu, kama hii uliyojifunzia. Nyuma karibu na jicho kibamba chenye tundu dogo, mbele kwenye ncha ya mtutu kijiti. Unachungulia, kijiti kinakaa katikati ya tundu, nguruwe anakaa juu ya kijiti, kwisha habari yake. Wala tundu lenyewe huliangalii. Jicho lina akili, linatafuta katikati bila kuambiwa.

Pembeni ya kile kibamba kulikuwa na vifundo viwili vya kuzungusha. Cha juu kwa ajili ya juu na chini, cha ubavuni kwa ajili ya kushoto na kulia. Ukizungusha kinalia tik, tik, na kila tik risasi inahama kidogo tu, kama upana wa kucha hivi kwa mtu aliyesimama mbali. Kwenye kila kifundo kuna mshale. Yule mzungu alinifundisha mara moja, na mimi kitu nikifundishwa mara moja kinakaa: risasi ikienda kulia na wewe unaitaka kushoto, zungusha kufuata mshale wa kushoto. Mshale unaonyesha unakotaka risasi iende. Basi. Nilitembea na sheria hiyo kichwani kama mtu anavyotembea na jina lake.

Baadaye, umeshazijua habari hizi, fundi mmoja Mjerumani wa misheni alikuwa anarudi kwao akaniachia bunduki yake, kwa kibali, karatasi zote zikagongwa mihuri pale Njombe. Bunduki nzuri! Mti wake unang'aa kama kichwa chako kitakavyokuwa jioni. Nayo ya kitundu, nayo vifundo viwili, nayo mishale. Nikasema hapa hakuna cha kuuliza. Na kweli sikuuliza. Fundi yule alitaka kunielezea, akafungua mdomo, nikamwambia, "Bwana, mimi bunduki za kitundu nimezilea." Akafunga mdomo. Wajerumani ni watu wa adabu.

Sasa mimi nikitoka na kitu kipya siwezi kukaa nacho ndani. Nikatangaza. Jumapili baada ya ibada nusu ya usharika wakaja huku bondeni kuangalia Yeremia anavyotoboa boga. Nikaliweka boga juu ya kichuguu ng'ambo ya kijito. Lutengano jirani yetu naye akaja. Yeye saa ile huwa kwenye mianzi yake anagema ulanzi, lakini alisema, "Ulanzi upo kila siku, ya Yeremia kuaibika lazima niione."

Nikapiga ya kwanza. Vumbi likaruka kulia kwa boga, kidogo tu. Nikawaambia watu, hiyo nilikuwa naisalimia. Nikazungusha kifundo cha ubavuni kufuata mshale wa kushoto, tik, tik, tik. Nikapiga. Vumbi likaruka kulia zaidi.

Lutengano akasema, "Boga limehama nini?"

Watu wakacheka. Nami mtu akinicheka sijui kusimama. Nikasema bunduki ni ngeni, inaona aibu, lazima uizungushe kwa nguvu. Nikazungusha tena mshale wa kushoto, safari hii sikuhesabu. Nikapiga, wala vumbi hatukuliona. Tukasikia ko! ng'ambo kule kulia, kwenye mianzi ya Lutengano, halafu Lutengano akasema taratibu kama mtu wa msibani, "Yeremia. Hiyo ni mbeta yangu."

Ikawa kweli. Risasi imeingia kwenye mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia ulanzi, iliyofungwa juu ya mwanzi, imetokea upande wa pili, ulanzi unachuruzika kwa matundu yote mawili. Vijana wakakimbia kukinga midomo. Mimi tangu siku ile nikawa Mzee Mbeta, na wewe ukaenda shule ukaitwa mtoto wa Mbeta, ukarudi unalia, nikakwambia wenzako wanaitwa watoto wa nani? Wa watu ambao hawajawahi kutoboa kitu.

Mpaka hapo unaijua. Wote wanaijua, nimeisimulia hadi wamefika mahali pa kunisahihisha. Kuna kipande huwa nakiruka, siyo siri, wakubwa waliokuwepo wanakijua, ila hakichekeshi.

Jioni ile Lutengano alinichukua mpaka kwenye ule mwanzi. Akasimama chini yake, akanyoosha mikono juu kama anavyogema. Mbeta inakaa juu ya kichwa chake, lakini ili aifikie anakanyaga kigogo. Akakanyaga kigogo. Tundu likaja hapa, mama, sawa na shingo. Akaligusa kwa kidole. Kama nisingekuwa mtu wa kujisifu, Lutengano asingekuja kuniangalia, angekuwa pale juu ya kigogo saa ile ile. Majivuno yangu ndo yalimtoa, na majivuno yangu ndo yalipeleka risasi. Mpaka leo sijajua niyashukuru au niyapige fimbo.

Lutengano akaikata ile mbeta akanipa. Akasema, "Iweke ukutani. Siku ukijiona mkubwa, chungulia." Ndo hiyo inayoning'inia hapo juu ya redio, wewe ulikuwa unaweka maua humo.

Nikarudi nyumbani na bunduki na mbeta. Mama yako alikuwa anamenya viazi. Nikamwambia bunduki ya Mjerumani mbovu, mshale unasema kushoto risasi inakwenda kulia. Hakuinua hata kichwa. Akauliza, "Risasi ya kwanza ilianguka wapi?"

"Kulia."

"Na ukazungusha mshale wa wapi?"

"Kushoto, si ndo ninakotaka iende!"

Akamenya, akamenya. Akasema, "Mama yako mzazi akija jikoni kwangu akaninyooshea kidole kwenye sufuria, unadhani ananionyesha pa kwenda? Ananionyesha nilipoharibu. Huo mshale haukuelekezi, Yeremia. Unakusema."

Nikacheka sana. Nikasema mwanamke wa viazi ataniambia nini kuhusu bunduki. Wiki iliyofuata nikaenda mwenyewe bondeni, bila watu, nikaweka boga jingine, nyuma yake ukuta wa udongo mtupu. Risasi ikaanguka kulia. Nikashika mshale wa kulia, ule wa nilipokosea, nikauzungusha, tik, tik. Risasi ikarudi kushoto. Nikazungusha tena. Boga likafunguka kama kitabu.

Kwa hiyo kumbe mafundi wa duniani hawakukaa kikao kimoja. Bunduki ya yule wa miwati mshale wake unakuambia: peleka huku. Bunduki ya Mjerumani mshale wake unakuambia: kama umekosea huku, nizungushe huku nikurekebishe. Mshale ni ule ule, chuma ni kile kile, tik ni ile ile. Ukiuchukulia kinyume, kila ukijitahidi ndo unazidi kupotea, na unajitahidi kweli kweli, jasho linatoka. Hapo ndo penye ubaya, mama. Mvivu angeishia kwenye kosa la kwanza. Mimi kwa bidii yangu nilifika mpaka kwenye mwanzi wa Lutengano.

Huko uendako watakupa bunduki nyingine, sijui ya nchi gani. Watakuta unajua kulenga, utajisikia, una damu yangu. Usiizungushe kabla hujaiuliza. Piga moja, angalia imeangukia wapi, zungusha kidogo, piga nyingine, angalia imehamia wapi. Hapo imeshakujibu, wala huhitaji kusoma herufi zake. Na ukishaipata, legeza ile skrubu ndogo ya kibamba cha mistari ya kupimia kilicho kwenye kifundo, usogeze mstari mrefu ukae kwenye sifuri, kaza. Ili kesho hata ukiizungusha kwa ajili ya mbali unajua pa kuirudisha. Hili unalijua, wewe ndo ulinipakia hiyo sifuri, mstari wa nyumbani, kwa rangi yako ya kucha nyekundu, ukasema, "Baba, ukipotea rudi kwenye nyekundu." Nilijifanya nimekasirika kwamba umenipambia bunduki kama bibi harusi. Nilifurahi.

Subiri, kuku wameingia kwenye mbegu. Narudi.

Nimerudi. Ilikuwa ni jozi ya viatu, siyo kuku. Kumbe siku hizi viatu vyangu vinakula mbegu.

Enesia, nataka nikwambie habari ya mama yako, halafu sitairudia.

Ule mwaka wa mwisho, kabla hatujamlaza hapo karibu na mparachichi, alikuwa akikaa jikoni anasema, "Nyumba hii siku hizi ina baridi." Asubuhi anasema, jioni anasema. Mimi nikasikia mshale. Nikaenda kupasua kuni. Unakumbuka zile kuni? Zilifika dirishani. Watu wa Makambako walikuwa wakipita na magari wanasema huyu mzee anajenga nini. Nikapasua mpaka viganja vikatoka damu, nikarudi jikoni nikikohoa kwa sifa nikamwambia, "Haya, baridi iko wapi sasa?" Akasema asante baba Enesia. Kesho yake, "Nyumba hii ina baridi." Nikapasua nyingine.

Alikuwa hanielekezi kwenye kuni. Alikuwa ananionyesha panapouma. Alitaka nikae. Tu. Nikae pale kwenye kigoda nimuongopee habari za nguruwe. Na yeye ndo yule yule aliyenifundisha habari ya mshale, akiwa anamenya viazi, na mimi nilijifunza kwa ajili ya bunduki peke yake. Sikujua kama inafanya kazi na ndani ya nyumba.

Zile kuni bado zipo. Nachoma kidogo kidogo, nikijua ni zake.

Basi. Nimesema sitairudia.

Sasa tuje kwenye Jumamosi iliyopita. Tulikwenda bondeni jua likiwa bado lipo, nguruwe wamelala wapi tunajua, viazi wamefukua safu nzima. Nikashika bunduki. Ukasema, "Baba, pale ni mbali, ongeza tik." Nikasema nimeongeza. Ukasema, "Mstari uko wapi?"

Nikasema, "Upo hapo hapo ulipo tangu jana."

"Uko juu ya sifuri au chini?"

"Wewe mtoto unamuuliza Mzee Mbeta?"

Ukanyoosha mkono mbele ya uso wangu. "Hapa nimeshika vidole vingapi?"

Nikakwambia, "Vya kutosha."

Nilidhani utacheka. Miaka yote hiyo hiyo ndo imekuwa dawa yangu, mtu akicheka anasahau alichouliza. Wewe hukucheka. Ulichukua bunduki mikononi mwangu taratibu, kama unavyomchukua mtoto aliyelala, ukatoa risasi, tukapanda mlima. Chakula kilipoiva ukasema, "Sitaenda chuo. Nitaomba tena mwakani." Nikasema mwakani na mimi nitaomba, twende wote. Ukaondoka mezani. Hata leo kunyolewa umekwenda tu kwa sababu shangazi yako akiita hakuna wa kumkatalia.

Usiku nilijiuliza, huu mshale wa Enesia ni wa aina gani? Kwanza nikausoma kama wa miwati. Nikasema mtoto anasema anataka kubaki, basi abaki, mshale unaelekea nyumbani. Na nikwambie ukweli, nilifurahi. Nilifurahi sana, mpaka nikaona aibu na mto wangu. Nikaanza kupanga: atakaa, atalima, atanisomea mistari ya Biblia, jioni tutasikiliza redio. Nikausogeza, tik, tik.

Halafu nikasikia sauti ya yule mwanamke wa viazi. Risasi ya kwanza iliangukia wapi, Yeremia?

Iliangukia hapa: nimekuwa najifanya naona. Daktari wa macho Makambako alishaniambia na shangazi yako akiwepo, ni presha ya macho, kilichokwenda kimekwenda, yale matone ni ya kulinda kilichobaki. Nilikwambia ni vumbi. Naona katikati kidogo, pembeni pameshafungwa, kama mtu anayeishi ndani ya kitundu cha bunduki. Na mzee asiyeona, mwenye bunduki ndani, shamba la kulinda, na mdomo wa kusema naona, mtoto mwenye akili atamuacha vipi? Hata mimi nisingemuacha. Wewe hukuwa unasema unataka kukaa. Ulikuwa unanionyesha nilipoharibu.

Kwa hiyo nikazungusha upande ule.

Jumatatu nilipokwambia nakwenda Njombe kuulizia mbegu, sikwenda kuulizia mbegu. Lile kabati la chuma la bunduki fungua, utalikuta tupu. Nilipakiza bunduki kwenye mfuko wake na kibali chake, nikaenda nayo polisi nikasema nairudisha, mkono wangu ni mzuri ila jicho limestaafu kabla yangu. Kijana wa kaunta akasema, "Mzee, kaa kwanza, karatasi ziandaliwe." Nikakaa. Kabla hajaichukua nikamwambia, "Ngoja."

Nikaingiza vidole kwenye vile vifundo. Jumamosi ile bondeni niliviharibu nikijifanya naongeza, si unajua. Sikuweza kuiona nyekundu yako, ila najua inavyolia. Nikavirudisha hadi mwisho mpaka vikagoma, halafu nikapanda taratibu nikisikiliza, maana idadi ya kutoka mwisho hadi nyumbani naijua kama ninavyojua hatua za kutoka hapa mpaka mparachichini. Tik, tik.

"Mzee unafanya nini?"

"Naiaga."

Akainama akaangalia. Nikamuuliza, "Mstari mrefu umekaa kwenye nyekundu?"

Akasema, "Umekaa kabisa mzee. Hii rangi nani alipaka?"

Nikamwambia, "Mwanangu. Ni askari." Ndo nilivyosema, Enesia. Sikusema anakwenda kusomea. Nilisema ni askari. Kwa hiyo usinifanye muongo polisi, nina sifa nzuri pale.

Akaniuliza, "Sasa umebaki na nini nyumbani?" Nikamwambia mdomo. Akacheka, na wewe ungecheka.

Na shamba la bondeni nimeliacha. Sitapanda viazi kule msimu huu. Nguruwe watakuja watakuta nyasi, watasimama pale wanatazamana, mmoja atasema Mzee Mbeta ametufanyia nini. Hapa juu karibu na nyumba patanitosha, na wakisogea huku nitawapigia debe, debe halihitaji macho. Shangazi yako atakuja kila Jumamosi na matone, hilo tumekubaliana, alinitukana kidogo kwanza. Kwa hiyo hakuna kitu hapa kinachokungoja ukilinde. Nimekiondoa kimoja kimoja. Ukibaki, utabaki kwa ajili ya kunitazama tu, na mimi sura yenyewe unaijua.

Sitakuongopea kwamba nyumba haitakuwa kubwa. Itakuwa kubwa. Ndugu zako wameondoka zamani, mama yako yupo hapo nje, Lutengano amehamia kwa mwanae Manda ziwani, anakula samaki kwenye joto, ameniletea salamu kwamba kule hakuna mianzi na hakuna mtu wa kubishana naye. Nitakuwa nasimulia hadithi ya mbeta kwa redio. Redio ina adabu, inasubiri nimalize halafu inasoma taarifa ya habari. Kuna saa za jioni, ukungu ukishapanda kutoka bondeni, ambapo hata mimi sipendi kusikia sauti yangu. Saa hizo usinifikirie. Zinakuja, zinapita. Nishazipitia.

Lakini ukipiga simu ukaniuliza "baba ukoje," nami nikakwambia "hapa baridi sana siku hizi," usipande basi. Ujue ninakuonyesha panapouma tu. Wewe kaa hapo hapo kwenye simu, uniongopee habari ya tembo.

Daftari linaisha. Nasikia mtu anacheka barabarani lakini siyo wewe, wewe unacheka kwa kuanzia puani.

Kesho asubuhi nitakuwa pale kituoni kwetu na koti langu la Jumapili. Nitakupakiza begi, maana nguo nitazirudisha na zipu nitaifunga mwenyewe leo, mara moja, ndefu. Basi likiondoka kwenda Makambako utageuka kuangalia nyuma, najua utageuka. Utaniona nimeshika ile mbeta nimeiweka usoni. Watu wa kituoni watasema Mzee Mbeta ameanza kunywa mapema. Waache. Nyuzi za mwanzi zimejirudi, matundu yamebaki madogo, na nikichungulia tundu hili mpaka lile naona barabara kipande kidogo hivi, chembamba, lakini kama kisafi zaidi. Sijui ni kweli naona au ni moyo tu. Nimejaribu jana na juzi kwenye malori.

Nitakuweka katikati. Nitakushikilia hapo mpaka kwenye kona ya mikaratusi. Baada ya kona sitaona tena, ila nitasikia dereva akipunguza gia kwenye mteremko, halafu akiongeza kwenye mlima, na hapo nitajua umepita.

Usipunge mkono kwa muda mrefu. Punga mara moja, katikati.

Baba yako,
Yeremia, Mzee Mbeta, aliyetoboa